Barua za Baada ya Machi

Ujumbe uliingia wakati watu wa Kisondela wanashindilia udongo wa mwisho juu ya kaburi.

Simu ilitikisika mara mbili kwenye mfuko wa koti. Mara mbili maana yake ni Agness. Ezron alichomoka taratibu katikati ya waombolezaji, akasimama nyuma ya migomba, akafungua.

*Mpenzi wangu, pole sana kwa kuondokewa na mama yako mpendwa. Najua alivyokulea kwa upendo. Mungu akutie nguvu katika kipindi hiki kigumu. Niko pamoja nawe.*

Akasoma. Akarudia.

Mvua ilikuwa inamchuruzika shingoni, hakuihisi.

Asubuhi ile, mtandao wa kijijini ukisumbua, alikuwa amemwandikia maneno machache tu. *Mama amefariki jana, hospitali ya Igogwe. Tunazika leo saa sita. Jitahidi uje, hata kwa kificho.*

Mama aliyekuwa anafukiwa pale hakuwa mama yake Ezron. Mama yake Ezron alikufa miaka tisa iliyopita, na Agness mwenyewe ndiye aliyemwosha na kumvika. Huyu wa leo alikuwa mama mzazi wa Agness, aliyemzaa, aliyemnyonyesha.

Agness alikuwa amempa mumewe pole kwa msiba wa Agness.

Hakuna binadamu anayekosea namna hiyo.

Ezron aliifunga simu. Alikuwa ameitumikia Idara ya Usalama miaka kumi na minne. Alishawahi kupigwa risasi ya paja Tunduma, na kukaa siku tatu ndani ya tangi tupu la mafuta. Siku hizo hakuogopa. Sasa aliogopa.

Alipita mbele ya kibaraza. Mzee Jackson, baba mkwe wake, alikuwa amekaa kwenye stuli, mikono miwili juu ya fimbo.

"Agness hajafika," mzee alisema.

"Yuko njiani, tata."

Mzee alimtazama, kisha akayarudisha macho barabarani.

Ezron aliwasha pikipiki yake, Honda XL. Alipofika mbali na masikio ya watu, akasimama na kupiga namba ambayo haiandikwi popote.

"Namba Tisa," alijitambulisha.

"Sema." Sauti ya Bi Shamimu, mkuu wa kanda, kutoka Mbeya. Mwanamke wa Pangani asiyepoteza neno.

"Chanzo chetu si chetu tena."

"Tangu lini?"

"Sijui. Ndiyo naenda kujua."

"Ezron, nina vijana ishirini na wawili wamejificha Kasumulu kwa ajili ya ripoti yake. Mzigo ni Ijumaa, kwa njia ya mpakani."

"Mzigo si Ijumaa, Bi Shamimu. Wala si mpakani."

Mzigo wenyewe ulikuwa dawa. Sindano za malaria kali, katoni mia nne, maboksi yamechapwa vizuri kuliko ya kiwandani. Ndani ya vichupa mlikuwa na chokaa na sukari. Katoni za majaribio zilishafika zahanati moja ya mbali mwezi wa kumi na mbili. Watoto wanne waliodungwa sindano hizo hawakuamka.

Aliyezileta alijiita Ostrand. Alikuwa na hati tatu za kusafiria, za nchi tatu. Tukuyu alifungua kituo kilichoitwa Kalamu Mpya, ambako vijana walifundishwa bure kutumia akili mnemba kuandika programu, hadithi na nyimbo. Mafunzo yalikuwa ya kweli. Nyuma ya mafunzo ndiko kulikokuwa na kiwanda cha uongo: vibali, barua za maofisa, maelezo ya dawa, vyote viliandikwa na mashine kwa Kiswahili safi. Hata ile namba ya kukwangua kwenye boksi na kuituma kwa simu walikuwa wameitengenezea programu. Muuguzi akituma, jibu linarudi: *Dawa hii ni halali.*

Januari, Agness aliingia Kalamu Mpya kama mwalimu. Ripoti zake zilipita kwa mtu mmoja tu. Mumewe.

Na hapo ndipo palipokuwa na kidonda.

Agness hakutaka kwenda. Desemba alimwambia amechoka, anataka kuacha kazi, apande parachichi kwenye shamba la baba yake. Ezron akamjibu, "Mara hii tu, ya mwisho." Kisha, bila kumwambia, akapeleka jina lake kwa Bi Shamimu. Agness alipojua hakupiga kelele. Alipanga nguo zake kwenye begi, akatoka bila kuaga.

Wiki kumi aliandika ripoti tu na mambo ya nyumbani. Kavu. Halafu Aprili mbili ikaja barua.

*Nimekusamehe, Ezron. Usiku mvua ikigonga bati naisikia kama wewe unabisha hodi, na kila usiku nakufungulia.*

Aliikariri yote. Alikuwa akiisema moyoni akipiga mswaki.

Sasa alivuta mafuta, pikipiki ikanguruma kuelekea Tukuyu.

*

Saa saba mchana. Mjini watu walikuwa na miamvuli na mabuti.

Kifaa alichokitoa kwenye mfuko wa tangi la pikipiki kilikuwa kidogo kama redio ya mkulima. Kilikuwa na kazi moja: kunusa laini moja ya simu na kuonyesha iliko. Lakini kilinusa pale tu laini hiyo inapotuma ujumbe. Ikikaa kimya, kifaa ni kipofu.

Kwa hiyo ilibidi aifanye iongee.

Ezron alisimama chini ya upenu wa duka la mbegu, akaandika.

*Nimekukumbuka.*

Jibu lilikuja kwa sekunde nne.

*Na mimi pia, mpenzi. Kila siku isiyo na wewe ni ndefu.*

Mshale ukageuka kushoto. Akatembea.

*Nilikukosea Januari.*

*Hayo yamepita. Nilishakusamehe kwa moyo wangu wote.*

Kulia. Akapita kwa fundi viatu, akapita kwa wauza ndizi.

*Kwa nini ulinisamehe?*

*Kwa sababu upendo wa kweli hauhesabu makosa. Wewe ni nyumba yangu.*

Aliyasoma maneno yale akitembea, na ingawa alijua anaongea na kitu gani, moyo wake ulijibu kama ulivyozoea. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote. Mbwa husikia filimbi akatingisha mkia hata kama mpigaji ni mwizi.

*Unanipenda?*

*Zaidi ya jana.*

Mshale ukasimama wima.

Ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mabati. Kibao cha rangi ya chungwa: KALAMU MPYA.

Alipanda ngazi mbili mbili. Ndani kulikuwa na vijana kumi na tano na kompyuta zao. Binti mmoja alikuwa anaomba mashine imsaidie ubeti wa pili wa wimbo wa kwaya. Mwingine alikuwa anatengeneza tovuti ya nyumba ya wageni ya mama yake. Watoto wa watu, hawana habari.

Kwenye kona, dirishani, alikaa mwalimu wao. Kijana wa miaka ishirini na sita, ndevu zimechongwa, mtoto wa wafanyabiashara wa pale pale mjini. Hasheem, aliyetajwa kwenye ripoti za Agness. Mbele yake kompyuta ndogo, na pembeni simu ya Tecno imechomekwa waya.

Ezron aliitambua ile Tecno. Kioo kilikuwa na ufa pembeni. Ufa ule ulitokea jikoni kwao, siku Agness alipoangusha simu kwenye sinki.

Hasheem aliinua macho.

Walitazamana.

Kijana alibeba kompyuta na simu, akavitupa kwenye begi, akapita dirishani. Akaangukia paa la chini, bati likalia. Akaruka barabarani na kurukia pikipiki yake.

Boxer iliunguruma.

Ezron alishuka kwa ngazi. Hakukimbia sana. Alijua barabara, alijua mvua, alijua Honda.

Walitoka mjini kwa barabara ya Mbeya. Boxer ililipita lori la mkaa kwenye kona. Ezron akalipita upande usiostahili, kioo chake kikagusa bodi. Kilomita mbili. Tatu. Karibu na Kyimo, Hasheem aliona atafikiwa, akakata kulia, akaingia kwenye njia ya udongo kati ya mashamba ya chai.

Kosa.

Udongo wa Rungwe ukilowa ni sabuni. Gurudumu la nyuma likahama, Boxer ikalala, kijana akabiringika mpaka kwenye mstari wa pili wa chai.

Ezron alizima pikipiki. Alimwendea akiwa na Glock mkononi, mdomo wa bunduki ukitazama chini.

Hasheem alikuwa amekaa kwenye matope, begi kifuani kama mtoto.

"Kaka, mimi sikumuua!" alisema. "Wallahi, kaka, mimi sikumuua!"

Ezron hakuwa amemuuliza habari ya kuua.

Alisimama pale. Chai ilikuwa kijani kibichi pande zote. Mbali kidogo wachumaji walikuwa wanaimba.

"Nani?" akauliza mwishowe.

"Ostrand."

"Lini?"

"Tarehe kumi na nne Machi. Alimkuta anapiga picha ratiba ya magari. Mimi niliona viatu vyake tu, kaka, nyuma ya Prado. Nikaambiwa nifunge mdomo."

"Yuko wapi?"

"Sijui. Haki ya Mungu sijui."

Leo ilikuwa Mei ishirini na moja.

Ezron alichuchumaa ili macho yao yalingane. "Nieleze ulivyofanya. Kwa kifupi."

Hasheem alijifuta matope usoni. "Wakaniletea simu yake. Meseji za miaka minne, zako na zake. Wakasema huyu mwanamke lazima aendelee kuongea, la sivyo Serikali itatujia. Nikailisha mashine meseji zote. Ikajifunza anavyosalimia, anavyokuita. Mwanzoni nilikuwa nasoma kila jibu kabla halijatoka. Baadaye nikaiachia iende yenyewe."

"Kwa nini uliiachia?"

"Nilishindwa kusoma majibu yako, kaka. Mimi nilitaka kuwa mwandishi wa vitabu. Nilidhani nimepata kazi ya kuandika."

"Nionyeshe ya mwisho. Yake mwenyewe."

Hasheem alifungua kompyuta. Akapandisha mazungumzo juu, juu, juu. Aprili ikapita. Machi. Akasimama.

*Sukari ya mama imeisha, mpelekee. Na bati la jikoni linavuja. Mengine tutaongea nikirudi.*

Hayo tu.

Ezron aliyatazama maneno yale. Hakuna mpenzi ndani yake, wala samahani. Mwanamke aliyechoka, mwenye hasira bado, anayekumbuka sukari ya mama yake. Agness mzima mzima.

"Na ile ya Aprili mbili? Ya mvua kwenye bati?"

Hasheem aliinamisha kichwa.

"Ile niliipa mashine maelekezo. Nikaiandikia: huyu mume ana hatia moyoni, anataka kusamehewa. Msamehe."

Glock ilipanda yenyewe. Ikagusa paji la uso la kijana.

Hasheem alifumba macho, akaanza shahada.

Wachumaji wa chai waliendelea na wimbo wao. Ezron alihesabu pumzi zake tano. Kisha akaishusha silaha.

"Mzigo unatoka lini?"

"Leo. Saa nane kamili, kutoka ghala la Kyimo. Fuso nyeupe, dereva Meshaki. Ikifika Kiwira inapakuliwa kwenye Noah ishirini, zinasambaa."

Casio ya Ezron ilisoma saa saba na dakika hamsini na moja.

Akatoa redio ya mawasiliano mfukoni, akaibonyeza.

"Namba Tisa kwa Mama Kanda."

"Sema."

"Fuso nyeupe, Kyimo, inaondoka baada ya dakika tisa. Inagawanywa Kiwira."

"Wangu wote wako Kasumulu. Saa nzima na nusu. Na Agness?"

"Machi kumi na nne."

Sauti ya Bi Shamimu ikawa ndogo. "Innalillahi." Halafu, "Unaweza kuichelewesha?"

"Naweza kuigeuza."

Alimgeukia Hasheem. "Ostrand anaongeaje na madereva?"

"Hajui Kiswahili. Anaandika kwa lugha yake, mashine inageuza, inapita kwenye kompyuta yangu, inamfikia dereva."

"Kwa hiyo wewe ndiye uliye katikati."

"Ndiyo, kaka."

Ezron aliivuta kompyuta, akaandika mwenyewe kwa vidole viwili. *Meshaki geuza gari sasa hivi, Kiwira kuna polisi.*

"Atashtuka," Hasheem alisema haraka. "Bosi hajawahi kuandika hivyo. Meshaki amezoea maneno ya mashine. Akiona ya mtu atajua kuna kitu."

Ezron alimtazama, akamrudishia.

Hasheem aliiambia mashine inachotakiwa kusema. Sekunde tatu.

*Habari za mchana, Meshaki. Natumaini uko salama. Kutokana na ukaguzi usiotarajiwa eneo la Kiwira, tunakuomba upite Tukuyu na uingie barabara ya Kisondela. Tafadhali subiri kwenye kituo cha kukusanyia parachichi. Asante kwa ushirikiano wako.*

Ikatumwa.

Wakangoja. Mvua ilizidi.

*Sawa bosi.*

"Kwa nini Kisondela?" Hasheem aliuliza.

Ezron alikuwa anamfunga pingu. "Asubuhi gari la maiti lilinasa kule. Tulibeba jeneza mabegani kilomita nzima. Fuso yenye mzigo haitoki."

*

Fuso haikutoka.

Saa tisa na robo ilikuwa imezama mpaka kwenye ekseli, matairi yakijizungusha bure na kurusha tope kwenye migomba. Meshaki, dereva mnene wa makamo, aliteremka na koleo. Alipoinua uso alimkuta mtu mwenye suti nyeusi iliyolowa, ameshika bunduki.

"Shikamoo," Meshaki alisema kwa woga, ingawa alikuwa mkubwa kuliko yeye.

"Kaa chini, mzee. Hujui ulichobeba?"

"Dawa. Nimeambiwa za hospitali."

"Kaa chini tu."

Alimfungia ndani ya kabini pamoja na Hasheem. Kisha akaingia kati ya migomba, akangoja. Fuso ilikuwa na kifaa cha kufuatilia gari. Ostrand angeiona kwenye ramani yake imesimama mahali isipotakiwa. Angekuja mwenyewe, kwa sababu mtu wake wa katikati hapokei simu.

Saa tisa na dakika hamsini Prado nyeusi ilitokea, ikapanda pembeni ya tope kwa gia nzito, ikasimama.

Ostrand alishuka peke yake. Mrefu, mvi, koti la mvua la bei. Mkono wa kulia bastola ya Beretta. Mkono wa kushoto simu.

Ezron alitoka. Hatua kumi na mbili kati yao. Bunduki mbili zikatazamana.

Ostrand alisema kitu kifupi kwa Kiingereza kwenye simu. Simu ikasema, kwa sauti laini ya kike:

"Mpendwa rafiki, tafadhali weka silaha yako chini, la sivyo nitalazimika kukupiga risasi."

Ezron alikijua Kiingereza vizuri. Alikisomea miaka mitatu. Hakukitumia.

Alikuwa ameona jambo. Ostrand aliposema, simu ilikaa sekunde mbili kabla ya kutafsiri, na katika sekunde hizo jicho la mzungu lilikwenda kwenye kioo.

"Mke wangu aliitwa Agness," Ezron alisema taratibu, kwa sauti ya kawaida, kama anayesimulia jirani. "Alikuwa hapendi chai ya maziwa, alikuwa anakoroma akilala chali, na alinikasirikia mpaka mwisho, na alikuwa na haki."

Jicho la Ostrand likateremka kwenye simu.

Risasi moja.

Ilimpata begani. Beretta ikaruka, simu ikaangukia tope, mtu mzima akapiga goti. Ezron alimfikia kabla hajajikusanya, akaipiga teke bastola, akamwekea goti mgongoni.

Simu ilikuwa inaendelea na kazi yake. Kutoka kwenye matope iliyasema maneno ya Ezron kwa lugha ya Ostrand, moja baada ya jingine, chai, kukoroma, hasira, haki.

"Yuko wapi?"

Simu ilitafsiri.

Ostrand alitema mate. Ezron aliongeza uzito wa goti kwenye bega lenye jeraha. Mtu yule akalia, kisha akasema kwa pumzi fupi.

"Nyuma ya ghala," simu ilisema kwa upole, kwa ile sauti ya kike. "Kwenye chai. Mstari wa tatu kutoka kwenye uzio."

Ezron alimtia pingu. Alizibana sana.

Vijana wa Kasumulu, waliocheleweshwa na tope, walifika saa kumi na nusu, Land Cruiser tatu, tope mpaka kwenye vioo. Bi Shamimu alikuja kutoka upande wa Mbeya, mwanamke mfupi mwenye mtandio wa kijivu na mabuti ya mvua. Alipanda mwenyewe nyuma ya Fuso, akapasua katoni moja, akavunja kichupa, akaonja unga kwa ncha ya kidole.

"Chokaa," alisema. "Zote mia nne?"

"Zote."

Alimtazama Ostrand aliyekuwa anafungwa bandeji. "Nilidhani nitamkuta maiti."

"Nilikuwa na swali la kumuuliza."

Bi Shamimu alishuka, akasimama karibu naye. Alinyoosha mkono kama anataka kumgusa bega, akaurudisha. "Idara itaandika barua ya rambirambi kwa familia. Itakuwa barua nzuri. Nitaisimamia mimi."

"Hapana, Bi Shamimu. Nitakwenda mwenyewe."

Simu ilitikisika kwenye mfuko wake. Mara mbili.

Wote wawili waliisikia.

Akaitoa.

*Mpenzi, mbona kimya? Nakuwaza. Umekula?*

Hasheem, mikono yake imefungwa, alikuwa amekaa kwenye bodi ya Land Cruiser, kompyuta iko wazi kando yake mbele ya mtaalamu wa Idara. Aliona uso wa Ezron, akaelewa.

"Niliipanga hivyo," alisema kwa aibu. "Ukikaa saa tatu bila kujibu, inakutafuta. Kaka, nisamehe."

Ezron alisoma ule ujumbe mpaka alama ya kuuliza.

"Izime," alisema.

Mtaalamu alimtazama Bi Shamimu. Bi Shamimu akatikisa kichwa kukubali. Hasheem akaonyesha kwa kidevu ni wapi pa kubonyeza. Kidole kikashuka.

Basi.

Ezron alimpa Bi Shamimu simu yake, na Glock, na kifaa cha kunusia. "Ni ushahidi," alisema. "Vyote vimo." Akaanza kutembea kwenye ile barabara ya tope kuelekea nyumbani kwa mzee, hatua ndefu, tulivu, mikono mitupu. Vijana wa Kasumulu walimpisha njia. Mmoja wao, aliyewahi kufundishwa kazi na Agness, alivua kofia.

*

Msibani moto ulikuwa unawaka kando ya turubai na wanawake walikuwa wanapakua ndizi. Mvua ilikuwa imekatika, mwanga wa jioni umelala juu ya Mlima Rungwe.

Mzee Jackson alikuwa pale pale kibarazani. Mkwewe alikuja na tope mpaka magotini, akapiga goti mbele yake.

Njiani alijaribu kupanga maneno. Alikuwa ametafuta namna ya kuanza, namna ya kulainisha. Hakupata kitu.

"Agness amefariki, tata."

Mzee hakushtuka. Aliipeleka fimbo mkono mwingine.

"Nilijua asubuhi," alisema kwa Kiswahili chake kizito chenye lafudhi ya Kinyakyusa. "Uliponiambia yuko njiani nilikuachia tu. Mtoto wangu asingekosa kumzika mama yake. Kama angekuwa hai, angetambaa."

"Ameuawa kazini. Tangu Machi."

"Machi," mzee alirudia. Akawa kama anahesabu kitu kichwani. "Mama yake alikuwa anamsubiri. Miezi yote hii kila gari likipita ananiuliza."

"Mimi ndiye niliyempeleka, tata. Hakutaka. Nilipeleka jina lake bila kumwambia."

Sasa ndipo mzee alipomtazama usoni. Alimtazama muda mrefu. Ndani ya nyumba mtu alianzisha wimbo, ukafa katikati.

"Hilo," Mzee Jackson alisema, "utakuja kunieleza siku nyingine, na mimi nitakujibu siku hiyo. Sijui nitakujibu nini." Aliegemea fimbo, akajiinua kwa shida. "Leo niambie alipo."

"Kyimo. Kwenye chai."

"Peke yake?"

"Ndiyo, tata. Peke yake."

Mzee alivaa kofia yake. Akageukia turubai, akaita kwa Kinyakyusa, si kwa sauti kubwa, na wanaume waliokuwa wanakula wakaweka sahani chini, mmoja mmoja, wakasimama. Hawakuuliza. Mmoja alichukua machela ya mianzi iliyokuwa imeegemezwa ukutani. Wengine wawili wakachukua majembe, yale yale yenye udongo mbichi.

"Ni mbali kwako mpaka kwenye magari, tata," Ezron alisema. "Tope limejaa njiani."

"Nishike mkono basi."

Akamshika. Wakateremka pamoja, taratibu, wanaume wakiwafuata nyuma.